Somo: Mkopo wa nyumba huanzia kwenye hati, mshahara baadaye

Wengi wanaoulizia mkopo wa nyumba huanza na mshahara: "Nikilipwa kiasi hiki nitapewa ngapi?" Hilo afisa mikopo atalijibu kwa kikokotoo kabla chai haijapoa. Kinachokwamisha maombi mengi hapa Tanzania ni karatasi za nyumba yenyewe. Benki ikikupa milioni 60 za kulipa kwa miaka 15, inachoshikilia ni hati ya umiliki wa ardhi. Hati ikiwa na kasoro, mshahara wako mnono hausaidii. Ndiyo maana naanzia huko.

Hatua ya kwanza: kagua hati kabla hujatoa kishika uchumba (malipo ya awali kwa muuzaji)

Muuzaji akisema "nyumba ina hati", mwombe nakala. Angalia jina, namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati, na muda. Muda ndio watu wanaousahau. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa ndani yake, wala si tangu siku unayonunua. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inaisha 2031. Usitegemee benki ikukopeshe kwa miaka 15 juu yake kabla muda haujaongezwa.

Kisha omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki nyingine, na kama kuna mtu ameweka zuio. Dalali atakuambia upekuzi ni kupoteza muda, mteja mwingine anakuja kesho na hela taslimu. Mwache huyo mteja aje. Dai pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, maana malimbikizo yake yatasimamisha uhamisho.

Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, hata ikipigwa mihuri mitatu, haiwezi kusajiliwa kuwa rehani. Leseni ya makazi inaweza kukupatia mkopo mdogo sehemu fulani, lakini kwa mkopo wa miaka mingi andaa hati kamili. Kwa wanaonunua flati: tangu Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila flati inaweza kuwa na hati yake. Muulize mjenzi kama hizo hati zimeshatoka au bado "zinashughulikiwa".

Hatua ya pili: jiandae wewe mwenyewe

Kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipa kodi, barua ya mwajiri, hati za mshahara na taarifa ya akaunti ya miezi sita hadi kumi na miwili. Hayo yanajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba benki itavuta ripoti yako kutoka taasisi za taarifa za mikopo, kama Creditinfo au Dun & Bradstreet. Mkopo wa simu wa elfu ishirini ulioutelekeza unaweza kuonekana humo. Lipa, chukua uthibitisho, ndipo uombe. Na kama uko kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, toka kwanza. Makato yao hayataonekana kwenye hati ya mshahara, lakini yatakumaliza mwezi wa pili wa marejesho.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya riba mwenyewe

Riba za mikopo ya nyumba kwetu bado ziko juu, kwenye asilimia kumi na kitu. Chukua mfano wa asilimia 16 inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Milioni 60 kwa miaka 15 ni rejesho la kama 881,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 800,000 kati ya hizo ni riba tupu; deni lenyewe linapungua kwa 81,000 tu. Mpaka unamaliza, umelipa kama milioni 158.6.

Sasa afisa atakushauri uchukue miaka 20 "ili upumue". Rejesho linashuka hadi kama 835,000. Umepata nafuu ya 46,000 kwa mwezi, na jumla imepanda hadi kama milioni 200. Kwa maoni yangu, nafuu hiyo ni ghali mno. Kama 46,000 ndiyo inayoamua unaweza au huwezi, basi punguza mkopo, usiongeze miaka.

Muda mrefu wenyewe ni jambo jipya kwetu. Benki hukusanya amana za muda mfupi, hivyo ziliogopa kukopesha kwa miaka mingi, hadi ilipoanzishwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hii.

Hatua ya nne: gharama zisizotajwa kwenye bango

Mbali na mchango wako wa bei ya nyumba, ambao benki nyingi hutaka uutoe mwanzoni, kuna mthamini, ada ya kushughulikia mkopo, wakili, ushuru wa stempu, usajili wa rehani, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya nyumba. Muuzaji naye ana kodi yake ya ongezeko la mtaji TRA, na uhamisho haukamiliki bila hiyo. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Tathmini ya mthamini ikitoka chini ya bei mliyokubaliana, benki hufuata tathmini, na pengo ni lako.

Barua ya ofa ya mkopo ikija, isome nyumbani usiku mmoja kabla ya kusaini. Tafuta mambo mawili: kama benki inaruhusiwa kubadilisha riba katikati, na kama kuna adhabu ya kumaliza deni mapema.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Singida: Mshahara wangu wa msingi ni 900,000. Nyumba yangu imefika kwenye linta. Nitapata ngapi?

Jibu: Mwalimu, ukiondoa kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni), bima ya afya, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu na chama cha wafanyakazi, mkononi unabaki na kama 580,000. Theluthi moja ya mshahara wa msingi haiguswi, yaani 300,000. Nafasi yako ya rejesho ni kama 280,000, na kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15 hiyo ni milioni 19 hivi. Ulizia mkopo wa kumalizia ujenzi. Fedha hutoka kwa awamu baada ya ukaguzi, kwa hiyo uwe na ramani iliyoidhinishwa na makadirio ya fundi yaliyo kwenye maandishi. Kama kiwanja kina ofa tu, yaani barua ya kugawiwa kiwanja, anza kufuatilia hati leo.

Mfanyabiashara, Kariakoo: Mimi sina hati ya mshahara, na mauzo yangu ni taslimu.

Jibu: Mauzo yasiyopita kwenye akaunti benki haiyaoni. Anza kuyaweka benki kila siku, hata kama utayatoa kesho yake kununua mzigo. Baada ya mwaka mmoja nenda na taarifa hiyo, leseni ya biashara na makadirio ya kodi ya TRA. Kama TRA uliwaambia unauza kidogo, usitarajie kuiambia benki unauza sana.

Dada, Tanga: Hati iko kwa jina la marehemu baba. Mimi ndiye ninayeishi humo.

Jibu: Pole, dada. Kuishi humo hakukupi uwezo wa kuiweka rehani. Fungueni mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, kisha hati ihamishwe kwa warithi. Wenzako wakikuachia, waandike.

Mama, Mbagala: Mume ameniletea fomu ya benki, ananiambia nisaini tu, ni utaratibu.

Jibu: Mama, fomu hiyo ndiyo ridhaa yako. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na benki inawajibika kuhakikisha ipo. Uliza kiasi cha mkopo, muda, rejesho na fedha zinakwenda wapi. Marejesho yakikwama, benki hutoa notisi ya siku 60, na mnada hutangazwa siku 14 kabla. Una haki ya kwenda kwa wakili wako mwenyewe, na una haki ya kukataa.

Kaka, Unguja: Na sisi tusiotaka riba?

Jibu: Benki zisizotoza riba zipo. Amana Bank ni ya Kiislamu yote, na PBZ, CRDB na NBC zina madirisha yao. Kwenye murabaha, benki hununua nyumba na kukuuzia kwa bei yenye faida mliyokubaliana, ukalipa kidogo kidogo. Linganisha jumla utakayolipa. Hati wataikagua kwa ukali uleule.