Somo: MySQL 8 inakurudishia AUTO_INCREMENT ya jana, itibu hivi

Wakuu habari zenu, hili tatizo limenila siku mbili nzima nikaona nilishushe hapa asije mwingine akaumia bure. Nina skripti inasoma AUTO_INCREMENT (namba ambayo MySQL itaipa rekodi ijayo) kutoka information_schema (sehemu ya MySQL yenye taarifa kuhusu majedwali yako) ili ijue ID inayofuata, kwenye MySQL 5.7 ilikuwa inapiga kazi freshi kabisa, tulivyohamia 8.0 ikaanza kurudisha namba ile ile hata nikiingiza rekodi 50, nikapekua kodi yangu yote nikidhani kosa ni langu kumbe databesi yenyewe inanipa namba iliyolala.

Iko hivi, kuanzia 8.0 MySQL inaweka takwimu za majedwali kwenye kashe, yaani nakala ya muda inayosomwa badala ya kuhesabu upya (AUTO_INCREMENT, TABLE_ROWS, DATA_LENGTH, UPDATE_TIME na wenzake) na zinakaa humo sekunde 86400, yaani saa 24. Data zako ziko salama, kilicholala ni hizo takwimu tu.

Hatua ya 1, angalia kwanza:
SELECT @@information_schema_stats_expiry;
Ikija 86400 ndo yenyewe.

Hatua ya 2, jaribu kwenye koneksheni yako tu:
SET SESSION information_schema_stats_expiry = 0;
Rudia kweri yako, namba ikibadilika basi mchawi umeshampata.

Hatua ya 3, ukitaka iwe ya kudumu:
SET PERSIST information_schema_stats_expiry = 0;
Hii inabaki hata ukirestati seva. Ila koneksheni zilizokuwa wazi tayari zinaendelea na thamani ya zamani, kwa hiyo aplikesheni inayoshikilia koneksheni muda mrefu lazima uiwashe upya, mimi hapa ndo nilipotezea jioni nzima.

Hatua ya 4, na hii naomba msiiruke: acha kabisa kukisia ID kwa namba hiyo. Hata kashe ikizimwa, watu wawili wakiisoma kwa pamoja wote wanapata ID moja. Ingiza rekodi kwanza halafu uliza LAST_INSERT_ID(), hiyo ni ya koneksheni yako peke yako, mwingine akiingiza ya kwake haikugusi.

MASWALI

– Mkuu nimeweka 0 lakini TABLE_ROWS bado haifanani na COUNT(*).
– Haitafanana kaka, kwa InnoDB (injini ya kawaida ya kuhifadhi majedwali ya MySQL) hayo ni makadirio. Ukitaka idadi kamili ni COUNT(*) tu.

– SHOW TABLE STATUS nayo imo?
– Imo, inachota kwenye kashe hiyo hiyo.

– Sina ruhusa ya SET PERSIST, nafanyaje?
– Tumia ile ya hatua ya 2 kila unapofungua koneksheni. Au rani ANALYZE TABLE kwa jedwali husika, kashe yake inajazwa upya.

– Spidi je?
– Ukiwa na majedwali maelfu utaisikia, maana kila ukiuliza information_schema inabidi iende kuhesabu upya. Kweri zako za kawaida haziguswi.

– Mbona kwangu inasema haijui hiyo variabo? Natumia MariaDB.
– MariaDB (databesi nyingine iliyotokana na MySQL) haina hiyo setingi mkuu, ni ya MySQL 8.0 kwenda juu.