SOMO: Kuchora ramani ya mtaa unaofurika kwa droni

Wanachuo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walianza kazi hii 2015 kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar inayofurika. Zanzibar nako wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) walishiriki kuchora Unguja na Pemba kutoka angani. Kwa kikundi cha watu watano, fuateni hivi.

1. Kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kwanza, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wa mashina. Msidharau hao wa pili. Mabafu mengi uswahilini hayana paa, na mtu anayeoga akisikia kitu kinavuma juu yake hatauliza kibali.

2. Wekeni alama za ardhini zilizopimwa kwa GPS. Pakeni chokaa. Sisi tulitandika vitambaa; kurudi, kimoja kimeshakuwa mkeka wa watoto.

3. Rusheni asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, mita 100 hivi juu, kila picha ipandane na jirani yake kwa asilimia 70 hadi 80. Betri ikibaki asilimia 30, rudisheni.

4. Unganisheni picha kwa OpenDroneMap, programu ya bure ya kompyuta. Iacheni kompyuta ikeshe.

5. Hapa ndipo vikundi vingi huharibu. Droni huona paa, haioni sakafu. Safu ya mabati kompyuta huidhani kilima, ikakuonyesha maji yakipita pembeni wakati yanaingia sebuleni. Kalavati nalo hulidhani ukuta, mto "unaziba". Humo kwenye kompyuta futeni mapaa, toboeni makalavati, kisha shukeni mtaani na futi kamba mkapime doa la tope ukutani. Mama mwenye nyumba atawaonyesha mwenyewe: "Mwaka ule yalifika hapa, kitanda kilielea."

MASWALI

— Mkuu, chuoni droni ni moja na mbovu. Tuache?
Anzeni hatua ya tano. Simu na futi vinatosha, ingizeni vipimo OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni. Droni ikipona mtakuwa mnajua pa kuirusha.

— Mtaro uliopita chini ya miembe?
Hauonekani. Tembeeni nao mguu kwa mguu, mkiandika palipojaa taka.

— Kaka, mwewe wa Dar je? Walitushukia mara mbili.
Akianza kuzunguka, paisheni juu haraka, msishushe. Yeye hupiga kutokea juu. Akirudi tena, tueni, mnywe chai kwanza.