Gitaa la kwanza kwa mwenye mikono midogo
Ukienda dukani, beba rula. Pima upana wa shingo pale inapokutana na kichwa: milimita 43 zinafaa. Magitaa ya nyuzi za nailoni ni laini kwa ncha za vidole, lakini mara nyingi hufika 52, kwa hiyo kiganja kifupi hakiizunguki shingo vizuri. Halafu angalia nafasi kati ya uzi mnene kuliko yote na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Ikizidi milimita 3, vidole vitauma, na sauti ya uzi itapanda kupita inayotakiwa kila ukibana. Fundi hupunguza nafasi hiyo kwa kusaga upande wa chini wa kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Funga nyuzi nyembamba za 10 (unene wa inchi 0.010), si za 12. Gitaa la robo tatu ya ukubwa wa kawaida ni la mtoto zaidi. Mtu mzima atafute lenye mwili mdogo.