Theluji ikianguka, punguza upepo kwenye matairi

Ukitoka na baiskeli ya matairi mapana kwenda msituni wakati wa theluji, punguza upepo kwanza. Wengi hujaza kama wanavyojaza kiangazi, kisha wanashangaa gurudumu linazama na kuteleza. Tairi la inchi 4 au 5 kwenye theluji iliyoshindiliwa hutaka psi (kipimo cha upepo wa tairi) 5 hadi 8 hivi. Theluji ikiwa laini, punguza zaidi. Libonyeze kwa kidole gumba: libonyee bila kukusumbua, na ukikaa kwenye kiti uone mikunjo midogo ubavuni mwake. Pimia nje, pale njia inapoanzia, maana upepo uliojazwa ndani penye joto hushuka ukikutana na baridi.

Endesha hatua chache, kisha geuka utazame ulikopita. Alama ya tairi ikizama zaidi ya sentimita 2 na nusu, theluji bado haijashika. Rudi, tafadhali. Mfereji ule ukiganda usiku, anayepita asubuhi ndiye anayeanguka. Na mistari iliyochongwa kwa ajili ya wanaoteleza kwa ski usiikanyage kabisa.

Kama bado unatafuta pa kwenda, Cuyuna kule Minnesota na Marquette kule Michigan, Marekani, kuna njia za msituni zinazoshindiliwa majira ya baridi kwa baiskeli hizi. Kiangazi, Cuyuna ni udongo mwekundu wa machimbo ya zamani ya chuma, na baiskeli ya kawaida ya milimani inatosha. Majira ya baridi wahi asubuhi, kabla jua halijalainisha theluji.