Kabla ya kujaribu usahihi wa kipimo cha sauti mtoni

Chagueni mto kwanza, kifaa baadaye. Kifaa hiki, kinachopima kwa sauti maji yanayopita mtoni, hutuma mlio majini, mlio hugonga chembe zinazoelea na kurudi umebadilika, na kwa mabadiliko hayo kinajua kasi ya maji. Mkitaka kukilinganisha na kipimo cha pangaboi, kinachozungushwa na maji yenyewe, tafuteni sehemu iliyonyooka, isiyo na miamba wala maji yanayozunguka, na saa ambayo mto umetulia. Nile chini ya Jinja ina mtego wake: kuanzia Nalubaale na Kiira hadi Bujagali na Isimba, maji yanapita kwenye mitambo ya umeme, na wingi wake hubadilika. Mkipima kwa kupishana saa moja, vifaa viwili vinaweza kutofautiana na vyote vikasema kweli. Someni ubao wa kina uliosimikwa mtoni, mwanzo na mwisho.

Linalowaponza wengi ni sakafu ya mto. Manafwa ikiteremka kutoka Mlima Elgon wakati wa mvua, mchanga wa chini nao husafiri. Kifaa hukisia mwendo wa mtumbwi unaokibeba kwa kusikiliza sakafu. Sakafu ikihama, kinadhani mtumbwi unaelekea mto unakotoka, na jumla ya maji inatoka pungufu. Kwa hiyo, kabla ya kupima, vukeni ng'ambo na kurudi pale pale mlipoanzia bila kusimama, kwa mwendo wa polepole, dakika 3 au zaidi. Kwenye skrini, mwisho ukiangukia upande wa juu wa mto kuliko mwanzo, sakafu inatembea. Tegemeeni setilaiti kwa mwendo wa mtumbwi au sahihisheni hesabu. Jaribio hili halina maana kama dira ya kifaa haijarekebishwa papo hapo mtoni, mbali na vyuma vya daraja, na simu zikiwa mbali nayo.

Halafu joto. Kifaa kilichosafiri juu ya pikapu juani kisianze kazi mara moja. Kiacheni majini kitulie, kisha mlinganishe na kipimajoto cha mkono. Katika maji ya nyuzi 20 sauti husafiri mita 1,482 kwa sekunde, na kwa nyuzi 25 takriban 1,497. Ni kama asilimia 1 tu, lakini kosa hilo huingia kwenye kasi na kwenye kina pia.

Betri, saa ya kompyuta, jaketi za kuokolea: hayo mnayajua. Magugumaji yaondoeni kwenye kamba. Kuhusu viboko, waulizeni wavuvi wa hapo.

Pimeni kwa rula kifaa kimezama kiasi gani, na kwa futikamba umbali wa kila ukingo. Maji ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kando kifaa hakiyaoni, programu huyakadiria. Kwenye kijito chenye kina kifupi, sehemu kubwa ya jibu ni makadirio, kwa hiyo mimi nisingekihukumia kifaa huko.

Vukeni kwa jozi, kwenda na kurudi. Na kabla mtu hajakanyaga maji, andikeni daftarini tofauti mtakayoikubali kati ya vifaa viwili.