Kupanga ziara ya masomo mkoani Tanga, kutoka pwani ya Tongoni hadi ukingo wa Mtae

Makundi mengi ya wanafunzi yakija Tanga huingia Mapango ya Amboni asubuhi, hutazama bandari mchana, jioni yako njiani kurudi. Watoto huondoka wameona mawe na meli, lakini mkoa wenyewe wameupita. Na mkoa huu ni darasa la jiografia lisilo na mfano: ndani ya kilomita zisizofika 120 kwa mstari ulionyooka una bahari, mkonge, michungwa, msitu wa mvua, bonde kavu na bustani za mboga mlimani. Kinachogeuza maisha ya watu kutoka kituo hadi kituo ni mwinuko na maji, kwa hiyo ziara iliyopangwa kwa kufuata mipaka ya wilaya itawachanganya. Anzeni baharini, mpande.

Maelekezo haya ni kwa kundi la wanafunzi 25 hadi 30, Coaster moja, walimu wawili na siku nne.

Kabla ya kuondoka

Tarehe ya safari ipangwe na mwezi wa angani. Mnatakiwa kufika pwani siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji ya pwani ya Tanga hukupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mkija wiki ya maji mafu, maji hayashuki vya kutosha, na yakipwa ni jioni. Mtaishia kutazama mawimbi. Ndiyo sababu nyingine ya kuanzia pwani: mlima unasubiri, maji hayasubiri.

Kwepeni Aprili na Mei. Masika yakikolea, barabara ya vumbi ya kupanda Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, huwa utelezi mtupu na Coaster hukwama. Juni hadi Septemba ni pazuri, Januari na Februari pia. Ikiwa ni Ramadhani, chukueni chakula chenu, maana mchana migahawa mingi ya pwani hufungwa, na msile mbele za watu.

Barua za utambulisho zitangulie wiki mbili au zaidi: ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa kila mtakaposhuka, uongozi wa shamba la mkonge, na hifadhi ya Amani. Kufika bila barua hakumaanishi mtafukuzwa; kunamaanisha mtakaa saa mbili chini ya mwembe mkimsubiri mtendaji.

Vifaa ni vichache. Vipimajoto viwili, mizani ya kilo 10, chupa za plastiki zenye mdomo mpana za kuchukulia udongo, kamba ya mita 10, madaftari, na simu moja yenye programu ya kuonyesha mwinuko. Simu hukosea mita kadhaa, wakati mwingine makumi, hasa mkiwa bondeni au chini ya miti. Mkiwa baharini andikeni inasoma ngapi ilhali mko sifuri, mpate kujua kosa lake.

Muhimu kuliko vyote ni maswali. Kosa linaloharibu ziara nyingi ni kila kundi kuuliza linalolitaka, mwisho hakuna la kulinganisha. Chagueni maswali matatu, na yawe hayohayo kuanzia kwa mvuvi hadi kwa mkulima wa kabichi: maji mnayotumia yanatoka wapi? Mnachozalisha ananunua nani, na anakipeleka wapi? Vijana wa hapa wakikosa kazi huenda wapi? Wanafunzi wagawanywe watano watano: mmoja anauliza, mmoja anaandika, mmoja anapima, wawili wanachora. Shikamoo itangulie swali, na mtu akiwa amebeba mzigo asisimamishwe.

Siku ya kwanza: pwani

Tokeni mjini saa moja na nusu asubuhi kwa barabara ya Pangani hadi Tongoni, kama kilomita 17. Magofu yapo ufukweni: msikiti wa kale na makaburi ya mawe, baadhi yakiwa na nguzo. Hayahitaji zaidi ya nusu saa, na swali la kuwapa wanafunzi ni moja: kwa nini mji ulijengwa hapa? Jibu liko mbele yao. Ni ghuba yenye mikoko inayokinga upepo, ufuko ambao jahazi hukaa salama maji yakipwa, na bahari inayoruhusu kwenda na kaskazi na kurudi na kusi.

Saa tatu na nusu shukeni mwambani pamoja na mwenyeji, wote wakiwa na viatu vya mpira, kwa sababu fuma, kiumbe wa baharini mwenye miiba inayochoma, hachagui mgeni. Hapo mtawakuta kina mama wakichokoa pweza kwa vijiti na wavuvi wakirudi na ngalawa. Tandikeni kamba ya mita 10 kutoka mchangani kuelekea majini, mhesabu viumbe kila mita mbili, kisha mrudie kule kwenye mikoko. Tofauti itaonekana bila mwalimu kueleza. Maji yakishafika mwisho wa kukupwa, anzeni kurudi papo hapo. Bahari ikianza kujaa hupitia kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, upande wa nchi kavu, na watoto wanaotazama samaki mbele hawaoni kwamba njia inazibwa.

Mkirudi, piteni Machui, alipozikwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909. Chakula cha mchana kiwe bada, yaani ugali wa muhogo, kwa samaki, na muulize muhogo umelimwa wapi. Ardhi ya mchanga ya mwambao huu inauvumilia muhogo kuliko mahindi, na hilo ni somo la udongo tosha.

Alasiri nendeni Amboni, ila kwa sababu maalumu. Mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji ukawa mapango ni wa jamii ileile inayochimbwa Pongwe kutengenezea saruji. Chukueni kipande kidogo cha chokaa kilichookotwa nje ya hifadhi, kidondoshewe siki kali au maji ya limau, kitatoa povu. Wanafunzi wakishaliona povu hilo, mapango na kiwanda cha saruji vinakuwa habari moja.

Siku ya pili: mkonge, machungwa, msitu

Hapa pana mengi, amkeni mapema. Barabara ya kwenda Muheza inapita katikati ya mkonge, na msiridhike kuutazama dirishani. Mkonge uliingia mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilifika hai 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani, na uzalishaji ukapita tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, kabla kamba za plastiki hazijashusha bei.

Ombeni kuingia kiwandani siku ya kazi, asubuhi, na mpige simu jana yake kuuliza kama korona inafanya kazi. Korona ni mashine inayoponda jani na kuacha singa, yaani nyuzi zake. Jumapili husimama, na ikiharibika husimama pia. Mitandio ifungwe, nywele ndefu zifungwe, na mtu asivuke mstari atakaoonyeshwa na msimamizi. Maji yanayotoka kwenye jani yanawasha. Aliyeguswa anawe mara moja.

Sasa zoezi ambalo kwangu ni kiini cha safari nzima. Pimeni kilo 5 za majani mabichi, kisha mwombe singa kavu zinazolingana na majani hayo. Mtapata kama gramu 200, kwa kuwa singa ni takriban asilimia 4 ya uzito wa jani. Waulizeni wanafunzi: nani atakubali kusafirisha kilo 100 mbali ili apate kilo 4? Hakuna. Na jani likikaa muda mrefu baada ya kukatwa linaharibika. Kwa hiyo kila shamba kubwa lilijenga korona yake ndani ya shamba, likatafuta mto wa kuosha singa, likaweka kambi ya wafanyakazi pembeni, na likajiunganisha na reli, ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Ramani ya makazi ya ukanda huu imechorwa na ile asilimia 4.

Kambi nazo zinaeleza watu. Manamba waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, Kigoma, Songea, hata Msumbiji, na wajukuu wao wako hapahapa. Swali la tatu, vijana huenda wapi, hapa liulizwe kinyume: babu alitoka wapi? Ulizeni kwa heshima, na asiyetaka kujibu aachwe.

Muheza mjini simameni saa moja. Ni nchi ya Wabondei, na ni mji wa machungwa. Msimu ukiwa umepamba, malori hupakia ya Dar es Salaam na ya Kenya. Ulizeni chungwa limeuzwa lini: wakulima wengi huuza tunda likiwa bado mtini kwa sababu wana shida ya fedha kabla ya mavuno, na faida ya msimu humwendea aliyenunua mapema.

Kisha pandeni Amani, kupitia Sigi mnakolipia kiingilio kwa namba ya malipo, si kwa fedha taslimu mkononi. Amani iko kama mita 900 na hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, wakati Tanga mjini hupata kama 1,300. Upepo wa bahari ukigonga Usambara Mashariki hupanda, hupoa na kuacha maji yake. Chini ya msitu huo hulimwa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Juu kuna chai. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapa mwaka 1902, na bustani yake ya miti ya kigeni bado ipo. Onyesheni pia hatari yake: msizi, mti ulioletwa, umejisambaza ndani ya msitu wa asili. Laleni huku, na sweta ziwe juu ya begi.

Siku ya tatu: kupanda Lushoto

Shukeni alfajiri, mpite Hale. Hapo Mto Pangani, uliobeba maji ya Kilimanjaro na Meru, unazungusha mitambo ya umeme kabla ya kufika baharini. Maji hayo yamekwishanyweshea mashamba ya mikoa mingine juu, na wanafunzi waandike hivyo kwenye swali la kwanza.

Kutoka Korogwe hadi Mombo, nchi inakauka ghafla: mibuyu, mbuzi, michongoma. Mko nyuma ya mlima, mvua imeshaachwa Amani. Mombo iko kama mita 400, Lushoto kama 1,400, na kati yake kuna kilomita 33 za kona. Anayetapika akae mbele na asile mafuta asubuhi. Pimeni joto Mombo, Soni na Lushoto, daima kivulini, nje ya gari, dakika tano baada ya kushuka. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Vipimo vikikataa, mara nyingi kipimajoto kilikuwa juani au kimetoka moja kwa moja ndani ya gari.

Lushoto ni ya Wasambaa, na ni ya mboga: kabichi, karoti, viazi, nyanya kwenye matenga, plamu na peasi kwa msimu. Fikeni siku ya gulio; kila mji una siku zake, ulizeni kabla. Pimeni gunia la viazi kwenye mizani ya mwenye duka kubwa, mlinganishe na bei. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, imekatazwa, lakini inafaa wanafunzi waelewe jinsi mkulima anavyopoteza kilo bila kuzihesabu. Kwenye miteremko watazame matuta ya ngazi, mkawaeleze kwamba wakulima walipolazimishwa kuyajenga enzi za Waingereza miaka ya 1950 waliyapinga, na wengi leo huyajenga wenyewe.

Siku ya nne na mchoro

Nendeni Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa Usambara Magharibi, asubuhi kabla ukungu haujafunga. Kutoka ukingoni tambarare ya Mkomazi iko karibu mita 1,000 chini, kavu, na wanafunzi wamesimama kwenye kabichi. Kilindi na Handeni, nchi ya Wazigua na Wanguu, mahindi na mifugo, zitahitaji safari nyingine. Kwa leo mkifika Segera mkanunua mahindi ya kuchoma, muulize yametoka wapi.

Mkirudi shuleni chorani mkato wa ardhi kutoka Tanga hadi Lushoto, kama kilomita 95. Kwa ulalo sentimita 1 iwe kilomita 5; kwa wima sentimita 1 iwe mita 200. Mkitumia kipimo kimoja kwa vyote, Lushoto itakuwa na kimo kisichofika milimita 3 na mlima utapotea. Mtapata migongo miwili, Usambara Mashariki na Magharibi, na Bonde la Luengera katikati. Chini ya kila kituo andikeni mwinuko, joto na majibu ya maswali matatu.

Mkiwa na siku mbili tu, acheni Amboni na Mtae. Kiwanda cha mkonge msikiache.