Kutoka Dar hadi darasa la Karibi: namna ya kutafuta kazi ya ualimu wa shule ya msingi

Maombi mengi hufa kwa sababu yametumwa mahali pasipomhusu mwombaji. Kuba na Jamhuri ya Dominika hufundisha kwa Kihispania; Martinique na Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa; Aruba na Curaçao hutumia Kiholanzi na Kipapiamento. Zifute hizo mapema. Kwa mwalimu aliyesomea Tanzania, uwanja ni visiwa vinavyofundisha kwa Kiingereza, na hivyo navyo vina makundi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kundi la kwanza ni nchi huru za CARICOM, yaani Jumuiya ya Karibi: Jamaika, Barbados, Trinidad na Tobago, Saint Lucia, Grenada na wenzao. Soko lao la pamoja huwapa walimu wa nchi wanachama cheti cha ujuzi kinachowaruhusu kuhamia nchi jirani bila kibali cha kazi. Maana yake ni kwamba nafasi ikitangazwa Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, mwenyeji ni wa kwanza, mwalimu wa Saint Vincent ni wa pili, nawe unafuata, ukiwa na gharama ya kibali mgongoni. Jamaika hupoteza walimu wengi wanaokwenda Marekani na Uingereza, kwa hiyo nafasi hufunguka. Ila kumbuka kwamba mshahara uliowaondoa wao ndio utakaopewa wewe.

Kundi la pili ni maeneo yaliyo chini ya Uingereza: Visiwa vya Cayman, Turks na Caicos, Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Anguilla na Montserrat. Watu wao ni wachache, na kuajiri walimu wa nje ni jambo la kawaida. Anzia huko, kisha ongeza shule binafsi za Bahama. Shule binafsi huamua haraka kuliko wizara.

Kuhusu sifa, tusidanganyane: cheti cha Daraja la IIIA peke yake hakitoshi kwa waajiri wengi wa huko. Wanachotaka kwa kawaida ni shahada ya ualimu, au shahada nyingine pamoja na stashahada ya uzamili ya ualimu, na angalau miaka miwili ya kufundisha baada ya kuhitimu. Mwenye stashahada anayefundisha Temeke au Ubungo atanufaika zaidi kwa kumaliza kwanza shahada, hata kwa masomo ya Chuo Kikuu Huria, kuliko kutuma maombi mia moja.

Sasa nyaraka, ambako ndiko muda mwingi huliwa. Tatizo kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, kitambulisho cha NIDA kimeandikwa kwa herufi tofauti, na shahada ina jina la ndoa. Ofisa wa Uhamiaji wa kisiwa asiyewahi kuona cheti cha Tanzania atadhani ni watu wanne. Panga nyaraka zako zote mezani na ulinganishe herufi kwa herufi kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu jina litakaloingia kwenye pasipoti ndilo litakalotawala kibali, akaunti ya benki na tiketi. Tofauti ndogo ya herufi huweza kumalizwa kwa hati ya kiapo kwa wakili; jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au cheti cha ndoa. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na kosa, RITA ndio wanaosahihisha.

Baada ya hapo omba chuo chako kitume nakala ya matokeo moja kwa moja kwa mwajiri, ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa au kwa barua pepe ya ofisi ya msajili. Matokeo ya kidato cha nne na cha sita huthibitishwa na NECTA. Cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa ya jinai huombwa mtandaoni, kisha huchukuliwa alama za vidole. Usikichukue mapema mno: waajiri wengi hukataa kilichozidi miezi sita. Nakala zikitakiwa kuthibitishwa kwa matumizi ya nje, huanza kwa wakili, kisha Wizara ya Mambo ya Nje. Ukienda wizarani bila muhuri wa wakili utarudishwa.

Kiingereza nacho huombwa ushahidi, hasa kama shule yako hufundisha kwa Kiswahili. Mtihani wa IELTS hufanyika hapa Dar, na matokeo yake hudumu miaka miwili. Kwa hiyo ufanye mwaka uleule unaoomba kazi.

Mwaka wa shule huko huanza Septemba, wengine mwishoni mwa Agosti. Matangazo hutoka zaidi kati ya Januari na Mei, usaili hufuata, na kibali huchukua wiki au miezi. Anayeanza kutafuta Agosti huokota nafasi za dharura tu. Pitia tovuti za serikali za visiwa, ukurasa wa ajira, si ukurasa wa habari. Tovuti ya Tes, ambako shule nyingi zenye mtaala wa Kiingereza hutangaza. Na tovuti za shule zenyewe.

Katika wasifu wako, usiandike tu kwamba ulifundisha Darasa la Tatu. Trinidad, mtoto hupita miaka miwili ya Infants kabla ya Standard 1. Jamaika huhesabu Grade 1 hadi 6. Cayman huyaita madarasa Year, kwa mfumo wa Uingereza. Andika umri: "wanafunzi 45, miaka 8 hadi 9". Idadi hiyo ni ya kawaida kwetu na huwashtua huko, kwa hiyo ifuatishe na maelezo ya jinsi ulivyowagawa katika vikundi na kuwapima. Jambo lingine ni kwamba shule nyingi za Dar humpa mwalimu somo moja au mawili, ilhali mwalimu wa msingi wa Karibi kwa kawaida hukaa na darasa moja na kulifundisha karibu kila kitu. Kama umewahi kuwa mwalimu wa darasa aliyefundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa watoto walewale, hilo liwe mstari wa kwanza. Kama umewaandaa watoto wa Darasa la Nne au la Saba kwa mtihani wa taifa, litaje pia. Jamaika wana mtihani wa mwisho wa msingi uitwao PEP, uliochukua nafasi ya GSAT mwaka 2019, Trinidad wana wao uitwao SEA, na mwalimu aliyezoea presha hiyo ana thamani.

Wadhamini wawe wawili au watatu, mmoja wao mwalimu mkuu wako wa sasa. Shule makini hazikubali barua uliyobeba mwenyewe. Humwandikia mdhamini moja kwa moja, na zikiona anwani ya Gmail hushuku. Kama shule yako haina barua pepe rasmi, weka simu ya ofisi na umweleze mwalimu mkuu kwamba atapigiwa jioni.

Jioni, kwa sababu ya saa. Barbados na Trinidad wako nyuma yetu kwa saa 7, Jamaika na Cayman kwa saa 8. Usaili wa mtandaoni wa saa tatu asubuhi Kingston, Jamaika, ni saa kumi na moja jioni Dar. Usitegemee umeme: simu iliyojaa chaji, bando la mtandao mwingine na pawabenki viwe mkononi. Swali linalorudi ni jinsi utakavyofundisha watoto wanaozungumza Patwa au Kikrioli nyumbani na kusoma Kiingereza shuleni. Hapo mwalimu wa Dar ana la kusema kuliko wengi, basi nenda na mfano halisi wa somo.

Ofa ikija, badilisha mshahara kuwa dola za Marekani kabla ya kushangilia. Dola ya Karibi Mashariki, inayotumika Grenada, ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani, ya Barbados ni 2, ya Bahama ni sawa kwa sawa, na ya Cayman ina thamani ya dola 1.20. Kwa hiyo 3,000 za Grenada ni kama dola 1,111 tu. Cayman na Bahama hazitozi kodi ya mapato, lakini chakula kingi huja kwa meli na kodi ya nyumba ni kali. Uliza kwa maandishi: nani analipa nauli, kibali, bima ya afya na makazi ya mwezi wa kwanza? Uliza pia malipo yanakuwaje shule ikifungwa kwa kimbunga. Msimu huanzia Juni hadi Novemba, na kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliharibu vibaya Carriacou, kisiwa cha Grenada, na Kisiwa cha Union cha Saint Vincent.

Mtu akikutaka ulipie "ada ya kibali" kwa simu kabla ya usaili, achana naye. Anayeomba kibali ni mwajiri, na wakala wa ajira nchini lazima awe na leseni. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ndio wa kuuliza. Kuingia kisiwani kama mtalii ili utafute kazi ukiwa huko ni njia ya kurudishwa uwanja wa ndege.

Walio katika utumishi wa umma waombe likizo bila malipo au kuacha kazi kwa barua inayopita kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kuondoka kimya huhesabiwa utoro. Kwa shule binafsi, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unadai zaidi.

Tiketi nunua baada ya kibali, na angalia njia kabla ya bei. Marekani hutaka viza hata kwa kubadilisha ndege tu. London nayo huhitaji viza ya kupita kwa Mtanzania, na ukihamishwa kutoka Heathrow kwenda Gatwick ni viza nyingine. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi. Ukipitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa zaidi ya saa 12, kadi hiyo utaulizwa.